Je, wajua kwa nini farasi hugoma kupanda trela?

Farasi mzima ana kilo kama 500. Anayemvuta, akiwa ameshiba, ana 80. Hata hivyo, nenda popote farasi anaposafirishwa na utakuta mchezo uleule: mmoja mbele anavuta kamba, wawili nyuma wanasukuma, wa nne kasimama pembeni anatoa ushauri. Farasi kaikita miguu chini, shingo kaiinua juu, na trela liko wazi mbele yake kama lilivyokuwa saa moja iliyopita.

Watu husema ni mkaidi. Mimi neno hilo silipendi hapa, kwa sababu ukiingia ndani ya kichwa cha farasi utaona kwamba anayeshangaza ni yule anayekubali kupanda.

Anza na macho. Yamekaa pembeni mwa kichwa, na humwezesha kuona karibu pande zote, digrii kama 350. Panapomfichika ni nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Usiku anaona vizuri kuliko sisi, ila akitoka kwenye mwanga mkali kuingia kwenye giza, macho yake huchelewa kuzoea. Kwa hiyo adhuhuri, jua likiwa kali, sisi tunaona trela na yeye anaona pango. Ili auchunguze ubao wa kupandia ulio miguuni pake inambidi ainamishe kichwa, na hapo ndipo mtu anapokikaza kichwa juu kwa kamba. Akikanyaga, ubao unalia ndu! kama ngoma na kubonyea kidogo. Mbele hakuna pa kutokea, ubavuni kuta zinambana. Huyu ni mnyama ambaye wahenga wake walipona kwa kukimbia kwenye nyika iliyo wazi.

Isitoshe, jambo lenyewe ni geni. Kwa maelfu ya miaka farasi ndiye aliyebeba, hakubebwa, nchi kavu alikwenda kwa miguu yake. Mwaka 1836, huko Uingereza, Lord George Bentinck alimpakia farasi wake Elis kwenye gari lililokokotwa na farasi wengine, akampeleka mbioni Doncaster. Waliocheza kamari walijua hawezi kufika kwa wakati kwa miguu. Akafika, hajachoka, akashinda mbio za St Leger. Sijui wale waliomkokota walionaje.

Sasa, anafundishwaje? Siri iko kwenye kamba, na iko kinyume na wengi wanavyodhani. Farasi akivutwa kichwa, mwili wake hujibu kwa kuvuta upande wa pili, tena bila kufikiri. Hajifunzi kamba inapokazwa. Hujifunza inapolegezwa, maana kile alichokuwa akikifanya wakati huo ndicho anachokiona kimemletea nafuu.

Mtazame saisi, yaani mtunza farasi, anayeijua kazi yake. Anasimama pembeni kidogo ya bega, kamba mkononi lakini haijazungushwa kiganjani, maana farasi akishtuka itaondoka na vidole. Anaikaza kidogo tu. Farasi hasogei, sikio moja mbele, jingine limemgeukia mtu. Saisi haongezi nguvu wala hapunguzi. Sekunde tatu, tano, kumi. Kisha uzito unahama, bega linasogea, ukwato wa mbele unanyanyuka na kutua nusu hatua mbele. Papo hapo kamba inalegea. Farasi anashusha kichwa, anatoa pumzi ndefu puani. Wanasimama hivyo kwa muda kabla saisi hajaomba nusu hatua nyingine.

Ukichelewa kuilegeza, ukaja kuiachia wakati keshaanza kurudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma. Na wengi hufanya hivyo hasa: farasi anaruka kinyumenyume, mtu anaogopa, kamba inaachiwa. Rudia mara tatu na tayari una mwanafunzi hodari wa kugoma. Kosa jingine ni uroho. Ukwato mmoja ukigusa ubao, mtu anaona ameshinda, anavuta kwa nguvu ili amalizie. Kazi yote inaanza upya.

Somo la kwanza halihitaji hata trela. Mpitishe juu ya ubao uliolazwa chini, mpaka mlio wake usimshtue tena. Mpitishe mahali pembamba. Kisha mfundishe kurudi nyuma polepole, hatua moja moja, akiagizwa. Hili la kurudi nyuma ndilo linalosahaulika, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kushuka kufundishwe kabla ya kupanda. Anayejua kushuka taratibu hana haja ya kuchomoka kwa pupa, na kuchomoka ndiko kunakomfanya agonge kichwa darini au ateleze pembeni ya ubao. Basi miguu miwili ya mbele ipande, ishuke. Mitatu ipande, ishuke. Usimshushe kwa sababu amekataa. Mshushe wewe, kabla hajaomba.

Chakula nacho kina mahali pake. Ndoo iliyowekwa ndani kama chambo humfanya arefushe shingo, anyakue, arudi, huku miguu ya nyuma haijahama. Kikitolewa baada ya hatua, kama ujira, ni habari nyingine. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, majike watano waliokuwa wakisumbua kupanda walifundishwa kugusa kitu fulani kwa pua na kulipwa kwa chakula, kisha kitu hicho kikasogezwa kidogo kidogo hadi ndani ya trela. Usumbufu ukaisha kabisa.

Farasi aliyekuwa akipanda vizuri akigoma ghafla, kabla ya somo lolote aangaliwe na daktari wa mifugo. Huenda anaumwa mgongo au mguu. Au mwulize dereva. Farasi hana cha kushikilia humo ndani. Kila breki na kila kona anaimudu kwa miguu minne, na safari moja ya ovyo inatosha kufuta kazi ya mwezi mzima.

Kuna utaratibu mmoja usiovunjwa: akishaingia, kizuizi cha nyuma kifungwe kwanza, ndipo kichwa kifungwe. Wakati wa kushuka ni kinyume, kichwa kifunguliwe kwanza. Farasi anayerudi nyuma akakuta kichwa kimefungwa hushikwa na hofu kubwa, na nafasi humo ni ndogo kwake na kwako. Kwa safari ndefu, kila mnapopumzika apewe nafasi ya kuinamisha kichwa hadi chini; akikaa nacho juu kwa saa nyingi hawezi kutoa vumbi na makohozi kifuani, na mapafu huugua.

Siku mlango unapofungwa mara ya kwanza, ufungwe kwa sekunde chache tu, kisha ufunguliwe akiwa bado ametulia. Siku nyingine dakika moja. Siku nyingine injini iwashwe, bila kwenda popote. Halafu mzunguko mfupi, mwendo wa kinyonga kwenye kona, na kurudi palepale alipopandia.