Mgongo wa binti umepinda: yanayowasumbua wazazi kabla ya kukubali upasuaji

Mama mmoja wa Kibosho aliniambia kuwa aliyegundua tatizo la bintiye ni fundi cherehani. Sketi ya shule ilirudishwa kwa fundi mara mbili, kwa sababu pindo lilipanda upande wa kulia. Mara ya tatu fundi aliweka futi mezani akasema, "Mama, sketi haina kosa. Mwangalie mtoto kiuno."

Kwetu Moshi ni rahisi jambo hili kupita bila kuonekana. Watoto wanashinda na sweta, hasa Juni na Julai, na binti wa miaka 13 haogi tena mbele ya mama yake. Mwambie ainame, magoti yamenyooka, viganja vimeunganishwa, nawe usimame nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili, mlete hospitali.

Mgongo kupinda pembeni namna hii huitwa skoliosisi. Si kibiongo cha kifua kikuu cha mifupa, ambacho huusukuma mgongo nyuma na tiba yake huanza na dawa.

Mzazi akishaona picha ya eksirei, mara nyingi swali lake la kwanza huwa "nilikosea wapi?" Mama anakumbuka ndoo za maji, baba anakumbuka siku mtoto alipoanguka kutoka kwenye mparachichi. Wengine wameshaambiwa na ndugu kwamba mtoto amerogwa. Hapo huwa sina haraka, maana mzazi anayejilaumu hasikii neno lingine. Skoliosisi ya vijana haitokani na ndoo, begi la shule wala kulala vibaya. Huonekana zaidi katika baadhi ya familia, na mipindo mikubwa huwapata zaidi wasichana. Mama, hukumharibu mwanao.

Watoto wengi hawatahitaji kisu. Mpindo hupimwa kwa nyuzi (digrii) kwenye picha ya eksirei. Ukiwa chini ya 25 tunaufuatilia kwa picha. Kati ya 25 na 40, kwa mtoto ambaye bado anakua, tunampa kizibao kigumu cha plastiki cha kuvaa chini ya nguo. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya waliovaa kizibao, asilimia 72 hawakufikia nyuzi 50, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Waliokivaa saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi. Mafundi wa vifaa hivi wanasomeshwa hapahapa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 jirani na hospitali ya KCMC.

Upasuaji huzungumzwa mpindo unapofika nyuzi 45 hadi 50. Ukizidi 50, huendelea kupinda polepole hata mtoto akishamaliza kukua, na ukifika 80 na zaidi mapafu hubanwa. Daktari hufunga skrubu na fito za chuma kwenye pingili za mgongo, ananyoosha kadiri inavyowezekana, kisha anaweka mfupa ili pingili hizo ziungane.

Hofu kubwa ya wazazi ni kupooza. Ni hofu ya haki, na sitaki daktari yeyote aipuuze. Kwa wapasuaji wazoefu, madhara ya neva hutokea kwa chini ya mtoto 1 kati ya 100. Wakati wa kazi neva hupimwa kwa mashine, au mtoto huamshwa kidogo toka kwenye nusu kaputi aambiwe achezeshe vidole vya miguu. Muulize daktari atatumia njia ipi, na ameshafanya upasuaji huu mara ngapi. Hilo si kumkosea adabu.

Swali la pili husemwa kwa sauti ya chini: atazaa? Ndiyo, na wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Siku ya kujifungua aeleze tu kuwa ana vyuma mgongoni, kwa sababu kuchoma sindano ya ganzi ya mgongo kunaweza kuwa kugumu.

Yule mama wa Kibosho aliomba muda wa kikao cha ukoo, kwa kuwa babu alikuwa amekataa katakata. Nikamwambia aje na babu. Mzee aliuliza jambo moja tu: "Ataweza kuinama kuchuma kahawa?" Nilimweleza kuwa mfupa ukishaungana, daktari akaruhusu, ataikunja nyonga na magoti, sehemu iliyofungwa ibaki imenyooka. Ndipo binti, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu, akasema kwamba kipaimara kilipita na yeye alikataa kupigwa picha. Mama yake hakuwa akijua. Wakati wazazi wanahofia kisu, mtoto mara nyingi anabeba aibu peke yake.

Kama ukoo bado unajadili, jadilianeni. Ulizeni gharama mapema, bima inalipia nini, na ni ndugu gani watatoa damu. Ila tarehe ya picha inayofuata isipite, hasa kwa binti anayekaribia kuvunja ungo. Katika umri huo miezi 6 inatosha mpindo kutoka kwenye kizibao hadi kwenye upasuaji.