"Si waliuza ardhi wenyewe?" Njoo tuiangalie al-Fula

Kila mjadala wa Palestina ukianza kwenye magrupu, haipiti muda mtu ashaandika "si waliuza ardhi wenyewe", yaani Wapalestina waliwauzia Wayahudi. Mi ni mtu wa historia ya ardhi, nimekaa na haya mambo miaka, na hiyo kauli inaniuma manake mauzo kweli yalikuwepo, ila aliyeuza na aliyekuwa analima hawakuwa mtu mmoja.

Rudi 1858. Dola ya Uthmaniya (ya Waturuki, iliyokuwa inatawala Palestina) inatoa sheria ya kusajili ardhi, kila mtu apate hati. Mkulima wa kijijini akiskia kuandikishwa anafikiria kodi na kupelekwa jeshini, kwahiyo wengi wakaacha shamba liandikwe jina la mkubwa wa mjini, na serikali nayo maeneo mengine ikawauzia matajiri. Ndo hivyo ukoo wa Sursock, wafanyabiashara wa Beirut, wakawa na vijiji vingi bonde la Marj ibn Amir, kaskazini mwa Palestina. Mkulima yeye akaendelea kulima palepale alipolima babu yake, akivuna anampa mwenye hati fungu lake, na mwenye hati akibadilika yeye kwa kawaida habanduki.

Mwaka 1910 Elias Sursock akauza al-Fula, kijiji cha bonde hilo karibu na Nazareti, zaidi ya ekari 2,000, kwa Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, shirika la kununua ardhi ya kukaa Wayahudi. Mkuu wa wilaya pale, Shukri al-Asali, akagoma kuhamisha hati! Akaandika magazetini kwa jina la Salahuddin, manake kijijini kulikuwa na magofu ya ngome ya Wapiganaji wa Msalaba iliyoangukia mikononi mwa Salahuddin. Wakubwa wake Beirut wakapitisha mauzo, wakulima wakatolewa, na 1911 makazi ya Kiyahudi ya Merhavia yakaanza hapo.

Sasa kwanini watolewe, wakati wenye shamba walishabadilika huko nyuma? Hapa ndo naomba mnisikilize. Wayahudi waliokuja wengi walikuwa wanakimbia mauaji ya kweli huko Urusi, yale ya mji wa Kishinev 1903 si hadithi, na dunia ilikuwa inawagawia ardhi za watu bila kuwauliza wenyewe, hata Uasin Gishu hapo Kenya Waingereza waliwapa ofa mwaka huohuo, wakaja kuikataa 1905. Makazi ya mwanzo, mfano Rishon LeZion ya 1882, yaliajiri vibarua wengi wa Kiarabu. Lakini wimbi la kuanzia 1904 likaja na siasa ya "kazi ya Kiebrania", shamba la Myahudi lilimwe na Myahudi, na Mfuko ukishanunua hauuzi tena. Kwahiyo mkulima wa al-Fula hakubadilishiwa bwana, alikosa hata nafasi ya kibarua. Kwangu mzizi wa ugomvi uko hapo, kuliko kwenye dini ambayo watu wanaikimbilia.

Al-Asali akaingia bungeni Istanbul 1911 akalisema hilo waziwazi, na 1916 Jamal Pasha, mkuu wa Uthmaniya huko Shamu, akamnyonga Damascus pamoja na wazalendo wengine wa Kiarabu. Baada ya hapo Waingereza wakaingia, na miaka ya 1920 Sursock wakauza sehemu kubwa iliyobaki ya bonde, vijiji kwa vijiji. Baadhi ya waliotolewa walipewa fidia kidogo wakaishia Haifa, kwenye vibanda vya mabati, wanatafuta kibarua. Huko ndo sheikh Izz al-Din al-Qassam alikuwa anahubiri, na watu wake wengi walikuwa hao hao wakulima wasio na shamba. Alikuwa anaandaa mapigano dhidi ya Waingereza, wakamuua Novemba 1935, na Aprili 1936 nchi nzima ikawaka kwa uasi.