Umechomwa unyayoni, mbona mtoki umetokea kinenani?

Wavuvi na akina mama wa sokoni hapa Bagamoyo hutujia na lalamiko lilelile: "Daktari, nilichomwa na mwiba wa samaki, sasa nina mtoki, hata kutembea siwezi." Wengi huwa wameshauminya na kuusugua nyumbani ili uyeyuke. Nawasihi msiuminye.

Ngozi ni ukuta. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, zimebanana, na kila siku hupukutika pamoja na vijidudu vilivyozing'ang'ania. Mwiba ukipenya, pale penye tundu ukuta haupo tena. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ndipo panapovimba na kupata joto, na ndani ya saa chache seli nyeupe za damu humiminika kuwala bakteria. Nyingi hufia hapohapo. Usaha mnaouona ni mabaki yao.

Lakini vita haiishii unyayoni. Majimaji ya mguu hupanda kwa mirija ya limfu mpaka kwenye tezi za kinenani, yakibeba vipande vya bakteria. Ndani ya tezi mna seli ziitwazo limfosaiti, na kila moja hutambua umbo moja tu la mvamizi. Ile inayolitambua umbo la huyu aliyeingia huanza kugawanyika, zikawa maelfu kwa siku chache. Tezi hujaa, huuma: huo ndio mtoki. Humo hutoka kingamwili, yaani protini zinazomnasa mvamizi, na baadhi ya seli hubaki na kumbukumbu kwa miaka.

Pepopunda ndiyo inayonitia hofu zaidi. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda tundu refu lisilopata hewa, kama la mwiba. Sumu yao ni kali mno: kiasi kinachotosha kuua ni kidogo kisichotosha kuufundisha mwili kinga. Hata aliyeugua akapona lazima achanjwe.

Kwa hiyo osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala unga wa kapsuli. Kisha uliza lini ulichanjwa mara ya mwisho.

Mtoki ukilainika katikati, ukipata homa, uvimbe ukipanda mguuni, au una kisukari, njoo siku hiyohiyo. Taya likikaza, hiyo ni dalili ya pepopunda: usingoje kuche.