Chumvi ya zabibu na mwanga wenye mkono

Waliowahi kusafisha matangi ya mvinyo hapa Dodoma wanaijua chumvi ngumu inayoganda ukutani mvinyo ukipoa. Ni chumvi ya potasiamu ya asidi ya tartariki, na asidi hiyo imejaa kwenye zabibu za Hombolo na Mpunguzi kama ilivyo kwenye zabibu za kwingine kote. Msafishaji huikwangua na kuitupa. Mimi nafundisha kemia ya mwanga, na kwa macho yangu chumvi hiyo ni mojawapo ya vitu vya thamani vinavyotoka shambani kwetu.

Thamani yake ni umbo. Molekuli ya asidi hii na taswira yake ya kwenye kioo si kitu kimoja: atomi ni zilezile, zimeungana na zilezile, lakini huwezi kuilaza moja juu ya nyingine zikalingana, kama glavu ya kulia isivyoingia mkono wa kushoto. Sifa hiyo huitwa ukairali. Mzabibu hutengeneza molekuli za mkono mmoja tu. Mwaka 1848 Louis Pasteur, akiwa Paris, alichambua kwa koleo fuwele za chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi hiyo iliyochanganyika mikono yote miwili. Akapata mafungu mawili, kila moja taswira ya mwenzake. Mwanga unaotikisika kwenye mstari mmoja ulipopita, myeyusho wa fungu moja uligeuza mstari huo kulia, wa fungu la pili kushoto.

Mwanga nao unaweza kuwa na mkono. Katika mwanga wa taa ya kawaida, uga wa umeme hutikisika kila upande bila mpango. Katika mwanga wenye polaraizesheni ya mduara, uga huo huzunguka huku wimbi likisonga, na humaliza duru moja katika kila urefu mmoja wa wimbi, ama kuliani ama kushotoni. Kuupata kwa vichujio si kazi ngumu, ila karibu nusu ya mwanga inapotea njiani. Kinachonivuta mimi ni maada zinazotoa mwanga ambao tayari unazunguka.

Angalia simu yenye kioo cha OLED, yaani kinachotoa mwanga chenyewe, ukiwa juani saa saba mchana, kiangazi cha Dodoma. Juu ya kioo hicho kuna kichujio cha mduara. Jua likiingia na kurudishwa na metali iliyo nyuma, mkono wake unageuka, na kichujio kinauzuia usitoke. Ndiyo maana tunaweza kusoma ujumbe tukiwa nje. Lakini kichujio hichohicho kinameza karibu nusu ya mwanga wa simu yenyewe, na betri ndiyo inayolipa. Kama maada ya ndani ingetoa mwanga wa mkono unaokubaliwa na kichujio, sehemu kubwa ingepita.

Tatizo ni kwamba molekuli moja moja hufanya kazi hii kwa udhaifu mkubwa. Kipimo chetu kinaitwa g: chukua nguvu ya mwanga wa kushoto, toa ya kulia, gawanya kwa wastani wa hizo mbili. Ukomo wake ni 2 na −2. Molekuli nyingi za kaboni hufika 0.001 au chini ya hapo. Maana yake, katika fotoni (chembe za mwanga) 100,000, za mkono mmoja ni 50,025 na za mkono mwingine 49,975. Molekuli ina ukubwa wa nanometa moja hivi, wakati wimbi la mwanga wa kijani linahitaji nanometa 500 na zaidi kumaliza duru. Ndani ya molekuli, mzunguko huo hauonekani karibu kabisa. Ioni ya europiamu, ambayo ni metali, inakwepa udhaifu huo kwa sababu moja ya njia zake za kung'aa, karibu na nanometa 595, inapitia sumaku badala ya umeme. Mwaka 2008 ilitangazwa g ya 1.38 kwa europiamu iliyozungukwa na molekuli zitokanazo na kafuri.

Njia nyingine ni kuziacha molekuli zijipange zenyewe, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1999 Reiko Oda, Ivan Huc na wenzao walieleza katika jarida la Nature jinsi molekuli za jamii ya sabuni, zenye vichwa viwili na mikia miwili, zisizo na mkono wowote, zinavyoungana majini kuwa tando ndefu. Ioni za tartarati, yaani za asidi yetu ya zabibu, zikiwa kando ya vichwa hivyo, utando unajisokota. Ukibadilisha mkono wa tartarati, msokoto unageuka. Ukichanganya mikono yote miwili, msokoto unalegea, na ikifika nusu kwa nusu utando unalala bapa. Baadaye msokoto huo ulivishwa silika, maada ya mchanga na kioo, na silika ikabaki imesokotwa hata sabuni na tartarati vilipooshwa. Ukipanga juu yake nanokristali (fuwele ndogo mno) zing'aazo zisizo na mkono, zinaanza kutoa mwanga wenye mkono. Sijui kazi ya kemia inayoonyesha vizuri zaidi jinsi umbo dogo linavyorithishwa na mpangilio mkubwa.

Fuwele-majimaji, yaani maada inayotiririka huku molekuli zake zikiwa zimejipanga, zikisokotwa hupata g inayozidi 1. Nyingi kati ya hizo, hata hivyo, zinachuja: msokoto unarudisha mkono mmoja na kuachia mwingine. Utando wa nanokristali za selulosi, kwa mfano, umesokotwa kushoto, hivyo rangi ing'aayo iliyo ndani yake hutoka na ziada ya kulia. Ni kazi halali, mradi mwandishi aseme wazi kwamba ni uchujaji.

Nina wasiwasi zaidi na vipimo vya tando kavu. Nyuzi zilizosokotwa zikikauka na kulala upande mmoja, mwanga unatoka umetikisika kwenye mstari, na kasoro ndogo ya kifaa inaugeuza kuwa g kubwa ya uongo. Mwanafunzi akiniletea grafu nzuri, namwomba azungushe sampuli, aigeuze nyuma mbele, apime ya mkono wa pili aone kama alama inabadilika, kisha apime mchanganyiko wa nusu kwa nusu aone kama inashuka hadi sifuri. Halafu namuuliza sampuli inang'aa kiasi gani, kwa sababu g kubwa kwenye kitu ambacho karibu hakitoi mwanga haitamsaidia mtengenezaji yeyote wa skrini.