Sarafu moja ya Afrika Mashariki: ya kutazama kabla ya noti

Chukua mfanyabiashara wa mchele wa Tandale aliyepeleka mzigo Nairobi na kulipwa shilingi laki moja za Kenya. Tuseme, kwa namba za mfano tu, kwamba duka la kubadilishia fedha linanunua shilingi ya Kenya kwa shilingi 18 za Tanzania na kuiuza kwa 20. Akibadilisha hapa Dar es Salaam anaondoka na milioni 1.8. Wiki inayofuata akitaka laki ileile ya Kenya ili akachukue sabuni na vyombo vya plastiki, atatoa milioni 2. Laki mbili zimekwenda, na hakuna gunia lililooza wala mteja aliyekopa akakimbia. Wakati mwingine fedha inapitia kwanza kwenye dola, na hapo anakatwa mara mbili.

Laki mbili hizo ndizo hoja kubwa ya wanaotaka sarafu moja kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ni hoja nzuri. Katika semina zetu za elimu kwa umma swali linalorudi kila mara ni moja: noti mpya zinatoka lini? Itifaki ya Umoja wa Fedha, yaani makubaliano ya nchi hizo kuwa na sarafu moja, ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na lengo lilikuwa 2024. Mwaka huo umepita, sasa inatajwa 2031. Kwa maoni yangu tarehe ndilo jambo dogo kuliko yote katika mpango huu. Kubwa ni nani atabeba hasara siku nchi moja ikipata msukosuko huku haina tena shilingi yake.

Wengi hawakumbuki kwamba sarafu moja tulishakuwa nayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kutumika 1921. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Mtu alitoka Mombasa hadi Kampala hadi Dar es Salaam na fedha ileile mfukoni; Zanzibar nayo ikaingia 1936. Urahisi huo ulikuwa na masharti yake. Noti zilisimama juu ya akiba ya pauni iliyowekwa London, na bodi haikuwa benki kuu: haikupanga riba kwa ajili ya mkulima wa pamba wa Mwanza, wala haikuwa na nafasi kubwa ya kuikopesha serikali.

Uhuru ulipokuja, kila serikali ikawa na mpango wake wa maendeleo na haja ya chombo cha kuutekeleza. Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itaanzisha benki kuu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango tarehe 14 Juni 1966. Lakini chini ya suala la benki kuu kulikuwa na jingine zito zaidi. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Tanganyika na Uganda zilinunua kutoka Kenya zaidi ya zilivyoiuzia, na walioona viwanda vikizidi kujikusanya upande mmoja walianza kuhoji soko hili ni la pamoja kwa faida ya nani.

Mkataba wa 1967, ulioanzisha Jumuiya ya kwanza, ulijaribu kulijibu swali hilo kwa vitendo. Nchi iliyokuwa na upungufu katika biashara na jirani iliruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani za jirani huyo ili viwanda vyake vipate kusimama. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilitakiwa kuelekeza asilimia 38.75 ya uwekezaji wake Tanzania, kiasi hichohicho Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Hata ofisi ziligawanywa: reli na ndege Nairobi, posta na simu Kampala, bandari hapa Dar es Salaam, makao makuu Arusha. Haikutosha. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na wakuu wa nchi hawakukutana tena kama chombo cha Jumuiya. Mwaka 1977 shirika la ndege likafa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na Jumuiya ikavunjika.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wanawakumbuka wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliodai mafao yao kwa miaka mingi, mahakamani na barabarani. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulipatikana 1984 tu, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Muungano wa kiuchumi ukivunjika, bili haiishii kwa mawaziri. Inafika mpaka kwa fundi wa reli aliyekatwa mchango wa pensheni kila mwezi.

Mkataba mpya wa 1999, ulioanza kutumika 7 Julai 2000, haukuficha historia hii. Utangulizi wake unataja sababu za kuvunjika, na mojawapo ni kuendelea kwa mgawanyo usio sawa wa manufaa kati ya nchi zenye viwango tofauti vya maendeleo. Watu walioketi kuunda Jumuiya upya waliandika kwa mkono wao kilichoiua ya kwanza. Kisha wakapanga hatua: Umoja wa Forodha, ulioanza Januari 2005, Soko la Pamoja, yaani watu, bidhaa na mitaji kupita mipaka kwa uhuru, Julai 2010, baadaye Umoja wa Fedha, na mwisho Shirikisho la Kisiasa.

Kwa nini fedha ije baada ya soko? Tuseme mvua zimegoma Tanzania kwa misimu miwili, huku Kenya mambo ni shwari. Leo Benki Kuu yetu inaweza kupunguza riba, na thamani ya shilingi ikishuka, bidhaa zetu zinakuwa rahisi kwa mnunuzi wa nje. Inauma kwa anayenunua mafuta ya petroli, lakini inaupa uchumi nafasi ya kupumua. Kwenye sarafu moja, riba inapangwa na benki kuu ya Afrika Mashariki kwa kuangalia nchi zote. Ikiwa Nairobi na Kampala bei zinapanda, riba itapanda na Dodoma pia, ukame au la.

Sasa nini kinabaki? Viwili hasa. Kwanza, watu kuhama. Kijana aliyekosa kazi Shinyanga aweze kwenda kufanya kazi Eldoret bila kusumbuliwa kibali. Pili, mfuko wa pamoja unaohamisha fedha kutoka kwa aliye salama kwenda kwa aliyepatwa. Wanakikoba hawahitaji somo refu hapa: mfuko wa jamii unaotoa rambirambi ni kitu tofauti na mkopo wa kurejesha na riba, na kikundi kisicho na mfuko huo hakidumu misiba ikifuatana.

Na hapo ndipo tulipo nyuma. Bajeti ya Jumuiya inaendesha sekretarieti, bunge na mahakama ya Arusha. Si mfuko wa kuinusuru nchi. Kuhusu watu, ahadi ya Soko la Pamoja ni pana kuliko hali ilivyo mpakani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, saluni na kuongoza watalii, na malalamiko kutoka Kenya yakaja mara moja. Machi 2021 ilikuwa zamu yetu kulalamika, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Kila upande una sababu zake, na baadhi ni za msingi. Machinga wa Kariakoo anayeshindana na mgeni mwenye mtaji hakosei kuuliza nani anamlinda. Ila tuwe wakweli: kila mlango unaofungwa kwenye Soko la Pamoja unaipunguzia sarafu moja nguzo ya kuegemea.

Vigezo vya kuingia vinajulikana. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake, misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi 4.5. Nchi ivitimize kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuingia. Tanzania imekuwa na mfumuko mdogo wa bei kwa miaka kadhaa, na Januari 2024 Benki Kuu yake ilianza kutumia riba kama chombo kikuu cha sera ya fedha, njia ambayo Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zimeshaichukua.

Tatizo ni kwamba Jumuiya imepanuka kuliko ilivyokuwa itifaki ilipoandikwa. Sudan Kusini iliingia 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Kongo na Somalia dola ya Marekani inatumika madukani kama fedha ya nyumbani, na Sudan Kusini imepitia mfumuko wa bei wa kutisha. Kuzisubiri nchi zote nane zifuzu pamoja ni kuisubiri sarafu isiyokuja. Ndiyo maana itifaki inaruhusu nchi tatu zilizotimiza masharti zianze. Na takwimu zikaguliwe kweli: Ugiriki iliingia kwenye yuro 2001, na miaka mitatu baadaye ikakiri kwamba nakisi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoripotiwa. Kilichofuata kuanzia 2010 ni mgogoro mkubwa wa madeni.

Kuhusu siasa sitasema mengi. Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza nia ya shirikisho tarehe 5 Juni 1963 na halikutokea. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakakubaliana kuanza na muundo mlegevu zaidi kama hatua ya mpito. Mchumi ana neno moja tu hapa. Mfuko wa kusaidiana unatoka kwenye kodi, na kodi inahitaji bunge ambalo mlipaji anaweza kuliwajibisha. Sarafu ikitangulia na siasa ikabaki nyuma sana, wabunge wa Dodoma watajikuta wakijibu hasira za maamuzi ambayo hawakuyafanya.

Kwa mfanyabiashara wetu wa Tandale kuna mambo ambayo hayasubiri 2031. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaunganisha mifumo ya benki kuu, na kupitia benki yake anaweza kulipwa au kulipa kwa shilingi za nchi husika bila kupitia dola. Aulize kaunta, kwa sababu si kila karani atamwambia. Mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya wenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha uasilia, yaani uthibitisho wa mahali ulikozalishwa, palepale mpakani, Namanga, Holili, Sirari au Horohoro, na haulipiwi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakifuti kodi za ndani wala kibali cha afya ya mimea, na mchele usio na kibali utarudishwa hata kama cheti kipo mkononi. Mwenye mzigo wa zaidi ya dola 2,000 anahitaji cheti kamili, na hicho hutafutwa kabla lori halijaondoka Dar es Salaam.