Utafiti katika mradi wa sanaa na ubunifu ni nini hasa?

Mwanafunzi akipewa mradi wa sanaa, mara nyingi hukimbilia simu. Anapakua picha nzuri nzuri, anazibandika daftarini, kurasa zikijaa anaamini utafiti umekwisha. Hapo amekusanya tu. Utafiti wa msanii ni kukichunguza kitu mpaka ujue kimeundwaje, kinatumikaje, na wewe utachukua nini kwake.

Tuseme kazi yako ni kubuni kanga. Kabla ya kuwaza rangi, azima kanga ya mama au ya shangazi uitandaze sakafuni. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina, yaani yale maneno ya kanga, limekaa sehemu ya chini ya mji. Ipime: kwa kawaida ni kama sentimeta 150 kwa 110. Pima na upana wa pindo, maana wengi hukisia tu, kisha michoro yao inaonekana kama kitambaa cha meza. Halafu mwombe mtu ajifunge, umzunguke ukichora. Sehemu kubwa ya mji inamezwa na mikunjo. Jina linasomwa na anayekuja nyuma. Kwenye picha ya kanga iliyonyooshwa usingeyaona hayo.

Ulichokiona, ukakigusa, ukakichora au ukamuuliza mwenyewe, hicho huitwa chanzo cha kwanza. Vitabu, makala na picha zilizopigwa na wengine ni chanzo cha pili, nacho kina kazi yake. Huko ndiko utakakosoma kwamba kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, inahusishwa na bibi harusi, au kwamba duka la Abdulla la Mombasa, ambalo jina lake huchapwa kwenye kanga zenyewe, lilianza 1887. Binafsi naona chanzo cha pili kije baadaye. Ukianza nacho, macho yako yanaona kile ulichokwisha ambiwa.

Wazo lenyewe huzaliwa pale vitu viwili vinapokutana daftarini. Umechora mlango wa Mji Mkongwe, Zanzibar, ukaona mnyororo uliochongwa kuizunguka fremu. Ukurasa wa pili kuna pindo, nalo linazunguka. Basi jaribu kuuhamishia mnyororo kwenye pindo: mnene, mwembamba, uliokatika pembeni. Andika kando ya kila jaribio kwa nini umelibakiza au umeliacha. Usichane ukurasa uliokukera. Anayesahihisha anataka kuona njia uliyopita, na umbo la korosho ulilojaribu ukaliacha linaeleza mengi kuhusu mnyororo uliouchagua.

Kuhusu jina, waulize watu wazima, na useme kanga ni ya nani. Maneno ya kumpa mama mkwe si yale ya kumpiga mtu kijembe.

Mipango nayo ni sehemu ya utafiti. Ukichapa kwa skrini, yaani fremu yenye kitambaa chembamba kinachopitisha rangi, kila rangi inataka skrini yake na muda wake wa kukauka, kwa hiyo idadi ya rangi iamuliwe mapema, ukihesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya kukabidhi. Kwa mwanafunzi, rangi mbili au tatu zinatosha. Ya nne ikikujia usiku wa mwisho, iandike tu daftarini.