Breki ya mbele haina kosa

Tangu utotoni tumeonywa: ukiteremka mlima kwa baiskeli, usiguse breki ya mbele, utapaa juu ya usukani. Onyo lina nia njema, ila limekaa upande.

Unapofunga breki, uzito huhamia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na kwenye mteremko mkali huwa jepesi zaidi. Baiskeli yenye shokapu mbele tu huzidisha tatizo: kila jiwe hulidundisha gurudumu la nyuma, na likiwa hewani breki yake haipunguzi mwendo hata kidogo. Ukiing'ang'ania, gurudumu linajifunga na kuserereka.

Kinachomrusha mtu ni kuibana ya mbele ghafla huku amekaa kitini, mikono imelegea. Shusha kiti, simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, visigino chini, makalio nyuma kidogo. Magoti yacheze, hayo ndiyo shokapu yako ya nyuma. Kisha ikamue ya mbele kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayekamua ndimu, ya nyuma ikisaidia.

Penye kokoto, punguza mwendo kabla ya kona. Ndani ya kona iachie breki ya mbele: gurudumu la mbele likiteleza hapo, huna muda hata wa kusema “mama!”